Ruhusa ya Mzee Msimamo

Benchi letu liko sokoni Birongo, chini ya paa la mabati la duka la Samsam, kati ya meza yangu ya viatu na mikungu ya ndizi inayongojea lori. Samsam anauza leso na mapazia, lakini watu wanafuata birika lake la kahawa ya tangawizi, ujuzi aliotoka nao kwa mama yake Kisii mjini. Kikisii chake kinatushinda hata sisi wenyewe, ila mambo ya serikali yakiingia tunahamia Kiswahili, maana tangu lini serikali ikakufuata kwa lugha ya mama yako? Wenye benchi ni watatu. Kuna Nyasani, tunayemwita Wakili kwa sababu alipiga fotokopi karibu na mahakama miaka kumi na mmoja, na kila karatasi iliyopita mkononi mwake aliisoma ukurasa wa kwanza. Kuna Nyangau, mchuuzi wa ndizi, Msabato asiyegusa kahawa. Yeye hunywa maji ya moto na tangawizi katika kikombe kile kile, kwa hivyo jina lake ni Maji Moto. Na kuna Mzee Angwenyi, mkulima wa chai, ambaye tunamwita Msimamo kwa sababu akishasema jambo hasogei. Mimi ni fundi viatu tu, nawasikiliza nikiwa nimeinama. Miaka tisa nimekaa hapa na sijawahi kusikia mtu wa benchi hili akisema "sijui." Ukiwauliza njia ya kwenda Japani utaonyeshwa kwa kidole, na utaambiwa pia ushukie wapi.

Jumapili hii watu waliwahi kuliko mvua, maana kulikuwa na habari. Ijumaa askari watatu walimkamata Mose, mtoto wa Mzee Msimamo, akiwa kwenye steji ya bodaboda. Walisema ameiba mizani ya kupimia majani chai. Walimfungia kituoni, kisha wakaenda kwao bila yeye na bila hati ya mahakama, wakapekua nyumba yake, wakatoka na mizani. Kituo chenyewe sikitaji, mimi nina watoto wa kulea. Kesho Jumatatu saa tatu Mose anafikishwa kortini. Nilidhani mzee angekuja ameinamisha kichwa. Wapi! Alikuja na viatu vinang'aa na koti la Misa bado liko mwilini, akaketi katikati ya benchi, fimbo mapajani.

Msimamo: Mama, mimina kahawa. Na nyinyi msinipe pole. Kesho Mose anarudi nyumbani.

Maji Moto: Omogaka, mzee wetu, si wamepata mizani kwa nyumba yake?

Msimamo: Wamepata kwa sababu nani aliwapatia ruhusa? Ni mimi. Wewe umeona wapi mwizi akikaribisha askari? Niliwaambia, "Huu ni mji wangu, boma langu lote, ingieni, tafuteni mpaka ndani ya sufuria." Mgeni njoo, mwenyeji apone! Hakimu akisikia hivyo atajua hii ni familia safi.

Wakili: Waranti walikuwa nayo?

Msimamo: Hata kalamu waliniomba mimi.

Wakili: Sasa hapo ndipo watu wa hii Birongo hawaelewi. Kila mtu anaimba waranti, waranti, Katiba, kifungu cha thelathini na moja, nyumba ya mtu isipekuliwe ovyo ovyo. Ni ukweli. Lakini sheria ni kama shamba ya chai, bana. Ukiangalia kutoka barabarani imefungana, ukiingia ndani ni vijia tu. Kuna mambo sita ambayo polisi akifanya haulizwi waranti.

Samsam: Jana yalikuwa matano.

Wakili: Jana mvua ilinikatiza.

Mvua nayo ilianza hapo hapo kama iliyoitwa, saa nane kamili, mvua yetu hii ambayo haina haja ya kutangazwa redioni. Tukavuta miguu ndani. Wakili akanyoosha kidole cha kwanza.

Wakili: Moja ni haraka. Polisi akiona kwamba akienda kutafuta hakimu ile kitu itapotea, anaingia. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Nilitikisa kichwa kwa mshangao. Methali ilikuwa imekaa mahali pake. Bahati hiyo haikutokea tena siku ile.

Wakili: Mbili ni kufukuza. Mwizi akikimbia akaingia kwako, na polisi yuko nyuma yake, polisi anaingia pia. Lakini lazima polisi awe anahema.

Maji Moto: Awe anahema?

Wakili: Ndiyo. Kuhema ndiyo waranti yake. Akipumzika njiani, pumzi ikirudi, ile ruhusa imekwisha. Nyamongo wa kule juu si alifukuzwa akiwa na kuku ya watu mkononi? Polisi akasimama kwa mama mmoja akapewa uji. Kufika kwa Nyamongo anapumua vizuri kabisa. Nyamongo akamwambia, "Afande, rudi ukahemee mbali."

Maji Moto: Na akarudi?

Wakili: Angefanya nini? Mwenda pole hajikwai.

Samsam: Na kuku?

Wakili: Kuku si sehemu ya sheria.

Msimamo alikuwa akicheka mpaka kahawa inamwagika. Nilifurahi kumwona akicheka, nikijua mwanawe amelala sakafuni usiku wa pili. Maji Moto hakutaka kuachwa nyuma. Alishusha kikombe chake.

Maji Moto: Mimi nitawaambia ile kubwa. Polisi akikushuku, anaruhusiwa. Dalili ya mvua ni mawingu. Ukiwa na uso wa mawingu, anakupekua.

Wakili: Hiyo nakubali. Inaitwa sababu ya kuamini.

Maji Moto: Sasa angalieni. Hapa kwetu mawingu yako kila siku kuanzia saa sita. Kwa hivyo huku Gusii polisi anaweza kupekua kila siku mchana. Asubuhi ndiyo lazima alete waranti. Kule Garissa kwa jua, lazima waranti siku yote.

Samsam: Mimi nina shangazi Garissa, nitampigia simu nimwambie amebahatika.

Wakili: Ya nne ni mwili. Ukishakamatwa, polisi anapekua nguo zako bila kuuliza mtu. Kwa nini? Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hivyo ushahidi pia uko nguoni mwako.

Msimamo: Wazee wetu walikuwa na akili.

Wakili: Tano, chombo cha kusafiri. Gari haingoji hakimu. Inaweza kutoka hapa ikawa Keroka kabla hujamaliza kuandika jina lake. Kwa hivyo chochote chenye gurudumu kinasimamishwa na kupekuliwa.

Maji Moto: Hata wilibaro?

Wakili: Wilibaro iko na gurudumu ngapi?

Maji Moto: Moja.

Wakili: Basi inapekuliwa nusu.

Maji Moto: Na wilibaro ikiwa imesimama kwa nyumba, imefunikwa na ndizi?

Wakili alifumba macho, akafikiri kama mtu anayetafuta karatasi kwenye kabati.

Wakili: Ikisimama zaidi ya siku tatu inakuwa nyumba.

Maji Moto: Umesikia, fundi? Hiyo meza yako iko na magurudumu.

Mimi: Yaliondoka mwaka juzi.

Maji Moto: Basi wewe uko salama. Lakini Wakili, umesahau Sabato. Kutoka Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama, polisi haingii kwa boma ya Msabato. Hata akiwa anahema. Hawa walikuja kwa mzee Ijumaa saa ngapi?

Msimamo: Saa tisa.

Maji Moto: Unaona? Masaa matatu na nusu kabla ya jua kuzama. Walipiga hesabu!

Msimamo: Lakini mimi ni Mkatoliki.

Maji Moto: Wao wangejuaje? Waliogopa tu. Asiyejua maana haambiwi maana.

Wakili: Nyamazeni, nafika kwa mzee. Ya sita, na hii ndiyo mfalme wa zote, ni ruhusa. Mwenye nyumba akisema ingia, waranti inakufa hapo hapo. Haina kazi tena. Polisi anaingia kama padri anakuja kubariki. Mzee alifungua mlango kwa mdomo wake mwenyewe. Kisheria hakuna mahali pa kushika hao askari, na hakuna mahali pa kushika mzee. Kila kitu ni safi.

Msimamo: Si nilisema? Mficha uchi hazai. Na nina karatasi.

Alitoa kwenye mfuko wa koti karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa nakala ya orodha ya vitu vilivyochukuliwa. Alimpa Wakili kwa mikono miwili kama anayetoa sadaka, na Wakili akaifuta mikono kwanza kwenye suruali kabla ya kuipokea. Ilikuwa kwa Kiingereza. Akatutafsiria polepole, sauti imeshuka.

Wakili: "Mizani moja ya kuning'iniza. Imepatikana chini ya kitanda, ndani ya nyumba ya Mose Angwenyi. Imechukuliwa mbele ya macho ya shahidi aliyetia sahihi hapa chini." Na hapa chini kuna sahihi... Ai! Mzee, hii sahihi ni yako?

Msimamo: Yangu. Miaka kumi na nne nilikuwa katibu wa kikundi cha wakulima. Hiyo mstari ya chini inarudi mpaka mwanzo wa jina. Hakuna mtu amewahi kuiiga.

Ilizunguka benchi zima. Ilifika hata kwangu, nikaiangalia bila kuigusa kwa sababu ya gundi. Kwa kweli ilikuwa sahihi nzuri, imekaa pale kama mtu aliyevaa tai. Tuliisifu sote. Nasema sote, na mimi nikiwemo, kwa sababu baadaye nilijionea aibu.

Samsam: Mzee, mizani ilikuwa chini ya kitanda?

Msimamo: Ndivyo imeandikwa.

Samsam: Hawa askari waliingia mikono mitupu?

Msimamo: Mmoja alikuwa na begi kwa mgongo. Askari ni mtu wa safari.

Samsam: Na begi ilikuwa imejaa ama tupu?

Msimamo: Mama, mimi nipime begi ya serikali?

Samsam: Wakati wanatafuta, wewe ulisimama wapi?

Msimamo: Kwa migomba, nimewapa mgongo. Ulitaka nisimame wapi? Niingie? Nichungulie? Mimi ni Mgusii!

Hapo benchi zima liliitikia, hata mimi. Kwa asiye wa kwetu nieleze. Mtoto wa kiume akishaoa, baba yake haingii tena nyumba ile. Haingii kunywa chai, haingii kukwepa mvua. Na mke wa mwana hataji mambo ya chumbani mbele ya baba mkwe hata akiwa na homa. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na mtu akiivunja wazee wanaitana. Mose alioa miaka sita iliyopita. Tangu siku hiyo Mzee Msimamo hajawahi kukanyaga kizingiti chake, na hata akipita mbele ya mlango hutazama upande wa kaburi la babake.

Maji Moto: Mzee alifanya vile inatakiwa. Chinsoni ni chinsoni.

Samsam: Sasa mimi mnieleweshe polepole, mimi ni mtu wa leso tu. Mzee, hiyo nyumba wewe mwenyewe huna ruhusa ya kuingia.

Msimamo: Sina.

Samsam: Lakini uliwapa watu wengine ruhusa ya kuingia.

Msimamo: Niliwapa.

Samsam: Ulitoa wapi?

Mvua ilisikika kwenye mabati. Nilifikiri Samsam amewabana, lakini nilikuwa nimemsahau Wakili.

Wakili: Mama, hilo ni swali la darasa la nne. Padri ana bibi?

Samsam: Hana.

Wakili: Na nani anafungisha watu ndoa?

Msimamo alipiga paja kofi moja, tukacheka wote, na Maji Moto akarudia jibu lile mara mbili ili asilisahau. Samsam hakucheka. Alichukua birika akalitikisa kusikia kilichobaki.

Maji Moto: Hata mimi niongeze. Dereva wa ambulansi si mgonjwa. Refa hafungi bao. Mwenye mji anatoa ruhusa ya nyumba ambayo haingii. Nyumba njema si mlango!

Wakili: Tena kesho mzee asimame, aseme vile ilikuwa. "Mimi ndiye nilitoa ruhusa, mimi ndiye shahidi, sahihi ni hii." Hakimu mwenyewe atasimama kumpa mkono.

Msimamo: Na Mose tunarudi na yeye nyumbani. Chanda chema huvikwa pete.

Mimi nilifikiria ile pete aliyovikwa Mose Ijumaa, ya chuma, mikono yote miwili, lakini nilikuwa na misumari mdomoni na sikusema. Ndipo nikaona buti za mpira zimesimama ukingoni mwa paa, moja imepasuka kisigino. Buti hizo nazijua. Mimi ndiye nilizibandika mwezi wa nne. Zilikuwa za Phanice, mke wa Mose.

Alikuwa amelowa mpaka kwenye nyusi. Alitoka kituoni kumpelekea mumewe chakula, kilomita nyingi kwa mguu. Siku ya upekuzi hakuwepo nyumbani, alikuwa anachuma chai ya watu, na aliporudi alikuta mlango wazi, nguo za watoto sakafuni, na kuku juu ya godoro. Alimwona baba mkwe wake kwenye benchi akarudi hatua mbili, akasimama mvuani kama mila inavyotaka, uso ameuelekeza kwa ndizi. Samsam akamtupia leso mpya kutoka dukani ajifunike. Wanaume wakasogeza miguu na kuanza kuangalia vikombe.

Samsam: Phanice, mwanangu. Mose yuko aje?

Phanice: Yuko tu, Mama. Anasema hiyo mizani hajawahi kuiona. Amesikia Baba ametia sahihi kwamba aliona ikitolewa. Hajakula.

Msimamo: Mama, mwambie asiogope. Kesho mimi nitazungumza.

Kulikuwa na hatua nne tu kati yao, lakini kila neno lilipita kwa Samsam kwanza. Hatukuona ajabu. Kwetu ndivyo mtu anavyomheshimu mwenzake.

Phanice: Mama, pale kortini kuna mama anaitwa Joyline, anasaidia watu wasio na wakili. Nilimpigia simu asubuhi. Amesikiza yote. Halafu ameniambia niende kwa Baba, nimuulize kitu kimoja tu. Mimi nimekataa. Nimemwambia kwetu hiyo haiulizwi. Akaniambia, basi chagua, chinsoni ama Mose.

Samsam: Uliza, mwanangu. Uliza kupitia kwangu.

Phanice alivuta leso mpaka ikafunika uso.

Phanice: Mama, muulize Baba. Kitanda cha nyumba yetu kiko upande gani?

Maji Moto alikohoa maji ya moto yakatokea puani. Wakili aliinuka nusu, akakaa tena. Katika maisha yangu sijawahi kusikia mke wa mtu akitaja kitanda chake mbele ya baba wa mume wake, tena sokoni, tena Jumapili. Nilisikia aibu kama vile mimi ndiye niliyetaja. Nilingoja mzee aondoke kwa hasira, na angekuwa na haki.

Hakuondoka. Samsam alisimama mbele yake na birika mkononi.

Samsam: Mzee, umesikia swali. Ukiingia mlangoni, kitanda kiko kushoto ama kulia?

Msimamo alifungua mdomo. Mkono wake wa kuume ulinyanyuka wenyewe, kidole kimenyooka, kama unavyonyanyuka siku zote mtu akiuliza njia. Ukaelekea kushoto. Ukasita. Ukaelekea kulia. Aliwatazama wenzake. Wakili, mwenye vijia sita vya sheria, alikuwa anasoma maandishi ya chini ya kikombe. Maji Moto alikuwa anahesabu ndizi zake. Mzee aliichukua ile karatasi juu ya goti la Wakili, akaikunjua, akatafuta ndani yake kwa muda mrefu. Karatasi ilisema chini ya kitanda. Kitanda chenyewe kiko wapi haikusema.

Mkono ukashuka. Nilimhurumia. Uso wake ulikuwa umezeeka kati ya kikombe na kikombe.

Msimamo: Mama. Mwambie sijui.

Mvua ilikuwa imepungua, ikabaki ile ya kudondoka ukingoni.

Msimamo: Mwambie sijawahi kujua. Sikuona kitanda. Sikuona mizani ikitoka chini ya kitu chochote. Niliona migomba yangu. Halafu nikapewa karatasi, nikatoa kalamu.

Phanice: Mama, mwambie Baba ahsante. Joyline anasema basi Baba afike kesho kabla ya saa tatu, aandike hayo hayo. Kwamba hakuona, na hajui. Na kwamba nyumba hiyo si yake kuingia wala si yake kukaribisha mtu. Hayo mengine watajibu wenye begi.

Msimamo: Na sahihi yangu? Watu watasema nini? Miaka kumi na nne nimekuwa katibu. Nisimame niseme nilitia sahihi kitu ambacho sikuona?

Aliyasema hayo akimtazama Samsam, na Samsam akageuka kuyapeleka. Lakini Phanice hakungoja yafike. Alishusha leso, akamtazama mzee usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

Phanice: Sahihi ni yako, Baba. Na Mose ni wako.

Kisha akajifunika tena, akarudi kutazama ndizi.

Mzee akaikunja karatasi mara nne, akairudisha mfukoni, akavua kiatu cha kushoto, kile kinachong'aa, akaniletea mezani. Soli ilikuwa imeachia kwa mbele.

Msimamo: Fundi, shona hapa. Kesho natoka asubuhi sana, na nitasimama muda mrefu mbele ya watu.

Mimi: Nitashona sasa hivi, Mzee.

Samsam alimimina kikombe cha mwisho, nusu kahawa nusu vumbi la tangawizi, akampelekea Phanice pale pale alipokuwa amesimama. Birika likalia tupu. Sindano yangu ilikuwa imepita mara tatu kwenye soli, na kila mtu alikuwa ametulia, mambo yamekaa sawa, Wakili alipokohoa. Namjua. Swali likikosa jibu kwenye benchi lile yeye halali.

Wakili: Lakini Phanice, mke wetu, hebu tuambie tu, sisi wa hapa. Kwani hicho kitanda kiko upa...

Msimamo: Nyamaza, Nyasani!

Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja wenye kiatu na mmoja wenye soksi, fimbo juu, koti la Misa limefunguka.

Msimamo: Mtu asiniambie! Kushoto msiniambie, kulia msiniambie! Mimi sijui, na kesho saa tatu nitakuwa bado sijui!

Alisema kwa ile sauti yake ya siku zote, na kama kawaida hakuna aliyethubutu kumpinga.